Viboksi Viwili vya Safari Fupi

Kama tulikuwa pamoja wiki iliyopita, uliniacha nimesimama chumbani kwa mama mkwe na viboksi viwili vya biskuti mkononi. Basi bado nimesimama.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, au mwenye duka alilifungia sabuni kabla hujalisoma, nikupe kwa ufupi. Mimi ni yule mwanamke aliyehamiwa na mama mkwe, akafiwa na mtoto, akaibiwa pikipiki, yote ndani ya mwaka mmoja. Mume wangu ni fundi lifti. Mwanetu tulimwita Somo, kwa sababu alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na bibi hakumwita vinginevyo tangu siku ya kwanza.

Somo alizaliwa na moyo mbovu. Hospitali inayojua mioyo iko mji mwingine, dakika hamsini kwa ndege na kutwa nzima kwa basi, maana barabara inazunguka milima. Asubuhi alipozidiwa, baba yake alimkimbiza uwanja wa ndege kwa teksi. Mimi nilikuwa ndani natafuta sweta nyekundu ya mtoto. Mama mkwe ndiye aliyenituma. Nilipotoka nayo, teksi imeshaondoka.

Baba Somo akanipigia kutoka uwanjani. Ndege imejaa, akasema, wamebahatika viti viwili tu, chake na cha mtoto. Mimi nifuate kwa basi.

Nikafuata kwa basi, sweta mapajani. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Akaniambia Somo ameshafariki, mikononi mwa madaktari, wala hakuteseka.

Tangu hapo moyo wangu umekufa ganzi, na jina la mji ule nimelipiga marufuku nyumbani kwangu.

Sasa viboksi. Baada ya msiba nilipata kazi kwenye jiko la ndege, lile jengo la bati nyuma ya uzio wa uwanja. Usidhani tunapika kwa mbwembwe. Kazi yetu ni kupanga. Safari ndefu inapewa trei, yaani chakula cha moto, mkate, saladi na kitu kitamu. Safari fupi inapewa kiboksi cha karatasi chenye biskuti na juisi. Sababu yake ni ndogo tu. Ndege ya dakika hamsini ikimaliza kupaa, inanyooka kidogo, mara imeanza kushuka. Wahudumu wapashe chakula saa ngapi, wakusanye vyombo saa ngapi? Wanagawa viboksi mbiombio, yamekwisha.

Na stika ya kijani tunaibandika kwenye viboksi vya safari moja tu, ile ya mji nisioutaja.

Mume wangu, kila baada ya wiki mbili, huaga kwamba kampuni inamtuma kutengeneza lifti za ghorofa moja refu kwenye mji wa mbali, safari ya saa tatu na nusu. Huondoka alfajiri, akarudi usiku. Saa tatu na nusu ni trei hiyo, haina mjadala. Lakini kwenye mkoba wa mama mkwe, nilipokuwa naazima sindano, nilikuta viboksi vya stika ya kijani vimejaa nyuzi na vifungo.

"Mwanangu huniletea akisafiri," mama akasema, wala hakuinua macho.

Nikatazama tarehe zilizopigwa kwenye stika. Vilikuwa viwiliviwili. Kila safari, viboksi viwili.

Abiria mmoja hupewa kiboksi kimoja. Hiyo ndiyo sheria yetu. Kwa hiyo mume wangu alikuwa anakwenda kulekule nilikokataza kutajwa, na hakuwa anakwenda peke yake.

Hapo ndipo tulipoachana, wewe na mimi.

*

Ungetegemea nilie. Hata mimi nilitegemea. Nilirudisha viboksi mkobani, nikashona kifungo changu, nikakata uzi kwa meno.

Kesho yake kazini nilisimama kwenye meza na mwenzangu tunayemwita Bi Kifuniko. Kazi yake ni kubana vifuniko vya trei, lakini mdomo wake mwenyewe haujawahi kubanwa na mtu.

"Mwenzangu, uso gani huo? Umefiwa tena?" Halafu akajiziba mdomo. "Nisamehe. Ulimi wangu huu!"

"Sijafiwa. Mume wangu ana mwanamke."

"Wee!" Vifuniko vikamponyoka, vikatawanyika sakafuni. "Nani kakwambia?"

"Viboksi."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anaokota vifuniko, kila kimoja anakipuliza kwanza, na msimamizi anajifanya haoni.

"Labda anaomba cha pili," akasema. "Wapo wanaume wana njaa ya ajabu."

"Kila safari?"

"Labda huyo mwanamke hapendi biskuti."

"Unanisaidia au unanimaliza?"

"Nakusaidia kwa njia yangu." Akainuka, mkono kiunoni. "Hebu niambie. Akifika anakupigia simu?"

"Kila mara. Anasema nimefika salama, nimechoka na safari. Natazama saa ya ukutani, zimepita saa tatu na nusu kamili."

"Dakika hamsini anazitoa kwenye saa tatu na nusu! Basi akikupigia ameshakaa huko zaidi ya saa mbili. Anafanya nini muda wote huo?"

"Nakuuliza wewe."

"Usiniulize mimi swali ambalo jibu lake lina kitanda."

Wengine kwenye meza wakacheka chinichini. Mimi pia nilicheka, sijui kwa nini. Ganzi ina vituko vyake.

"Huna hasira?" Bi Kifuniko akaniuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Naitafuta. Siioni."

"Basi itakupata. Una tiketi ya wafanyakazi, hujawahi kuitumia. Itumie. Panda naye ndege hiyohiyo, umwone huyo bibi kwa macho yako."

Nilikaa na maneno yale siku nzima. Nikwambie ukweli, msomaji wangu, sikuwa na wivu. Nilichokuwa nacho ni hofu. Duniani nimebaki na mtu mmoja tu aliyemlea Somo pamoja nami usiku na mchana, aliyejua alivyokuwa akilala miguu ukutani, aliyejua wimbo wake wa kukataa dawa. Huyo akiniacha, nitakuwa nakumbuka peke yangu. Mwanamke mwingine angeweza kumchukua mume. Asingekuwa na habari kwamba anabeba na mtoto.

*

Siku ya safari, baba Somo aliondoka alfajiri na kisanduku chake cha bisibisi. Aliniaga kama kawaida, mkono begani.

"Nitakupigia nikifika."

"Haya. Kwa ndege ni mbali eti?"

"Saa tatu na nusu," akasema, bila kupepesa.

Uso mkavu, kama wangu. Tulifanana sana asubuhi ile.

Nilipotaka kutoka na mimi, mama mkwe alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na kanga yake ya kujifunika miguu. Mama yangu huyu ukimwona utampenda. Tangu ahamie kwangu hajanifokea hata siku moja. Wiki za mwanzo za msiba alinilisha kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, kama mtoto aliyegoma. Kosa lake pekee ni kuona kila kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mabuti yako ya kazi yako wapi?"

"Nimeyaacha kazini."

"Na hivyo viatu vya harusini ndivyo vya kupangia trei?"

"Leo kuna wakaguzi."

"Aa. Wakaguzi." Akanitazama toka kichwani hadi vidoleni. Nilijiona niko darasa la kwanza. "Mwanangu, jana usiku nilisikia unapekua mkoba wangu tena."

"Nilitaka uzi."

"Ungeniomba." Akaivuta kanga miguuni. "Chukua sweta basi. Huko kuna baridi."

Sikuchukua sweta. Silipendi neno hilo tangu msiba, na yeye analijua hilo.

*

Tiketi ya wafanyakazi haina heshima. Unapewa kiti kama kuna kiti kimebaki, na kama hakuna unarudi nyumbani na viatu vyako vya harusi.

"Imejaa, dada," karani wa kaunta akaniambia. "Kaa pale. Mtu akikosa kutokea nitakuita."

Nikakaa nyuma ya nguzo. Kutoka pale nilimwona mume wangu kwenye foleni. Hakuwa na kisanduku cha bisibisi. Sijui alikiacha wapi. Alikuwa na begi dogo tu, na mkononi ameshika kadi mbili za kupandia ndege.

Mbili. Nilizihesabu mara mbili.

Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mtandio wa zambarau, mrefu, wa makamo, amependeza. Akamwambia kitu mume wangu. Mume wangu akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu msiba.

Nikasema kimoyomoyo, haya, ndiye huyu. Nikangoja hasira ije. Nilihisi tu kiatu cha kushoto kinanibana.

Mara kikatangazwa kitu, yule mwanamke akalisogeza kwa mguu begi la mume wangu ili apate kupita, akaondoka kwenye foleni, akaingia mlango mwingine kabisa wa safari nyingine. Hata hakugeuka.

Kumbe siye.

Nikabaki natafuta. Kila mwanamke aliyekaribia foleni ile nilimpima. Binti wa miwani? Mdogo mno. Yule mjamzito? Moyo ukasita, halafu mumewe akatokea na maji ya kunywa. Foleni ikaisha. Mume wangu akaingia ndani, kadi mbili mkononi, hakuna mtu ubavuni.

"Dada wa jikoni!" karani akaniita. "Una bahati. Kuna mmoja hakutokea. Kiti cha nyuma kabisa, jirani na choo."

Nikajifunika mtandio hadi karibu na macho, nikapanda.

Ndege ile ina viti vitatu upande mmoja na vitatu upande wa pili. Mume wangu alikuwa katikati ya safu, si dirishani wala njiani. Upande wa njiani amekaa mzee mmoja mnene, ameshaanza kusinzia. Upande wa dirisha hapakuwa na mtu.

Lakini mkanda wa kiti kile cha dirishani ulikuwa umefungwa. Umefungwa juu ya kiti kitupu.

Nikampita. Hakuniona, alikuwa anatazama dirishani. Nikakaa kwangu kule jirani na choo, nikaukazia macho mlango wa ndege kumngoja mke mwenza wangu apande.

Mlango ukafungwa. Hakupanda.

*

Rubani alisalimia, akatueleza umbali. Kilomita mia nne na ushee, dakika hamsini, hali ya hewa shwari. Alisema kama mtu anayesoma bei ya nyanya. Kwa barabara ni karibu mara mbili ya hapo, lakini hilo yeye halimhusu. Nilikumbuka basi lile lilivyosimama kila kituo kushusha magunia.

Mhudumu alipofika nyuma na toroli la viboksi, alinitambua. Huja jikoni kwetu kusaini mizigo.

"Dada wa jikoni! Leo unakula ulichokifunga mwenyewe."

"Nimekuja kukagua," nikasema. "Yule baba wa kiti cha katikati, pale mbele. Dirishani kwake pana nani?"

"Aa, yule!" Akainama kidogo. "Tunamjua wote. Huwa analipia viti viwili. Mwanzo tulidhani mwenziwe kachelewa. Hakuna mwenziwe. Tunampa viboksi viwili, si kalipia?"

"Na kule anakwenda kwa nani?"

"Haendi kwa mtu. Wenzetu wa kule wanasema hatoki hata nje ya jengo. Anakaa kwenye benchi la wanaosubiri wageni mpaka jioni, tunamrudisha." Akashusha sauti zaidi. "Kuna wanaosema kichwa kimeguswa. Mimi sisemi. Ni mstaarabu sana. Ila ndege ikianza kushuka, hukaza ule mkanda wa kiti kitupu. Kila safari. Sisi tunaangalia pembeni."

Akanipa kiboksi changu, akaondoka na toroli lake.

Nilikitazama kile kiboksi. Stika ilikuwa imebandikwa upande. Kazi ya Bi Kifuniko ile, akishika zamu ya stika hana mkono ulionyooka.

Nikasimama. Sikumbuki nilivyoipita ile njia. Nakumbuka nimemgusa mzee bega.

"Shikamoo mzee. Samahani, naomba tubadilishane viti. Changu kiko nyuma."

"Marahaba." Akafumbua jicho moja. "Kwa nini binti yangu? Nimeshajituliza hapa."

"Huyu ni mume wangu."

Mzee akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Mmegombana?"

"Bado."

"Loo," akasema, na kwa unene wake wote akainuka upesi.

Nikakaa. Mume wangu hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Alikuwa na viboksi viwili kwenye meza yake ndogo, havijafunguliwa.

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani utaviona mapema zaidi."

"Viboksi?"

"Kila siku unavishika. Nikasema, mimi mdomo wa kusema sina. Labda mikono yake itaona."

"Kwa hiyo ulimpa mama ili nivione."

"Nilimpa mama kwa sababu anapenda biskuti. Na ili uvione."

Hapo nilitakiwa nimkunje shati. Nikauliza jambo la kijinga kabisa.

"Pesa za tiketi unatoa wapi?"

"Pikipiki haikuibiwa."

"Nilikwenda nawe polisi!"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Nilimlaani mwizi wiki nzima."

"Nilikusikia. Nilikuwa naitikia amina."

Nikatazama kile kiti cha dirishani. Mkanda umelala vizuri, hauna mkunjo.

"Hapa ndipo alipokaa?"

"Hapo."

"Sawa, alikaa hapo. Sasa kwa nini unapafuata? Si alifia hospitali?"

Mume wangu akavipanga vile viboksi viwili, kimoja juu ya kingine, halafu akavitenganisha tena.

"Hakufia hospitali," akasema.

Nilimsikia. Maneno yalifika yote, hakuna lililopotea. Yaliingia, yakakaa, na mimi nikawa nayatazama.

"Alifia wapi?"

"Hapa. Njiani. Hatujafika."

"Niambie."

"Aliuliza bado kidogo? Nikamwambia bado kidogo. Akaniuliza kama mawingu yanashikika. Nikamwambia mama akija utamuuliza, mama ndiye anayejua mambo ya mawingu na baridi. Akacheka. Mhudumu akatuletea viboksi, Somo akasema chake nimtunzie mama. Halafu ndege ikaanza kushuka, wakatangaza tufunge mikanda. Nikainama kumfunga. Nilipoinama alikuwa ameshaondoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikamfunga mkanda."

Pale nyuma yetu mtoto wa watu alikuwa anapiga meza kwa kijiko. Mama yake akamkanya.

"Nilimshusha begani," mume wangu akaendelea. "Mhudumu mmoja akasema mtoto kalala fofofo. Nikasema ndiyo. Hospitali hawakufanya kitu. Daktari aliandika tu. Mambo yote niliyokwambia, sindano, mashine, niliyatunga kwenye benchi nikikungoja."

"Kwa nini hukupiga kelele? Hapa ndani, kwa nini hukumwita mtu?"

"Ningemwita nani?"

"Mimi!"

Sauti ilinitoka. Watu wawili watatu wakageuka. Nilikuwa sijaisikia sauti yangu hiyo kwa mwaka mzima.

"Wewe ulikuwa kwenye basi," akasema taratibu.

"Nilikuwa kwenye basi kwa sababu ndege ilijaa."

Akaikunja meza yake, akavipakata viboksi.

Masikio yakaanza kuniziba. Ndege ilikuwa imeanza kushuka. Wakatangaza mikanda. Mume wangu akageukia dirishani, akaukamata ule mkanda wa kiti kitupu, akaukaza. Alifanya polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Alipomaliza hakunitazama usoni. Alitazama kiti nilichokalia.

"Hicho," akasema.

"Hiki nini?"

"Siku ile kilikuwa wazi. Safari nzima. Nilikuwa nakitazama."

"Uliniambia imejaa."

"Haikujaa."

Niliweka mikono yangu kwenye maegemeo ya kiti kile. Nilitaka kujua ni kiti kweli. Kilikuwa kiti. Ningenyoosha mkono kidogo tu, ningempita mume wangu kifuani, ningemfikia mtoto. Nilijaribu. Nilinyoosha mkono, ukafika kwenye mkanda bila taabu.

Ndege inatua, na mimi nafanya hesabu. Somo anauliza bado kidogo, mimi niko kwenye foleni ya basi na sweta kwenye mfuko wa plastiki. Somo anacheka, mimi nabishana na utingo kuhusu kiti cha mbele. Basi letu halijatoka hata stendi, na mtoto wangu ameshafungwa mkanda.

Ganzi ikapasuka mahali pamoja tu, padogo, chini ya titi la kushoto. Iliuma, msomaji wangu. Iliuma mpaka nikafurahi kidogo kwamba inauma.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Nilikukosea nini mimi, baba Somo?"

"Hukunikosea. Daktari wa zahanati aliyekuja asubuhi ile alituambia barazani, kabla ya teksi. Alisema tunakwenda kwa sababu ni lazima twende, lakini mtoto hafiki. Wewe ulikuwa ndani unamvalisha viatu."

"Alimwambia nani? Umesema alituambia."

"Mimi na mama."

"Wewe na mama."

"Nilitaka nikuite. Mama akanishika mkono. Akasema, mke wako asiyaone haya, hatasimama tena. Akasema, 'Nenda ukamweke mtoto kwenye gari. Huyu niachie mimi, nitamshughulisha.'"

Magurudumu yakagonga chini. Biskuti zikacheza ndani ya viboksi. Watu wakaanza kufungua mikanda kabla hawajaambiwa, kama kawaida ya watu.

Mimi nilikuwa mbali, nilikuwa chumbani kwetu asubuhi ile. Nafungua kabati, hakuna sweta. Natazama kamba ya nguo, hakuna. Namwita mama, mama anajibu kutoka barazani, "Tafuta vizuri mwanangu, huko huko ndani." Honi ya teksi inalia, nasikia mlango wa gari. Niliikuta mwishowe. Ilikuwa chini ya godoro la mama mkwe, imekunjwa vizuri, mikono ndani. Nikashukuru kwamba nimeiona, nikakimbia nayo nje.

Sikuwahi kujiuliza sweta ya mtoto ilifuata nini chini ya godoro lile.

Watu walikuwa wanashusha mabegi. Yule mzee mnene alitufikia, akatutazama, akapita. Mume wangu hakusimama. Nami sikusimama.

Nikawasha simu ili nifanye kitu kwa mikono. Haikumaliza hata kuwaka sawasawa, ikaanza kuita. Nikamwonyesha mume wangu kioo cha simu.

Mama.

"Usipokee," akasema. "Nakuomba. Ngoja kwanza nikueleze jambo moja limebaki."

Nilipokea. Nilitaka kumwamkia, mdomo ukakataa. Upande wa pili nilisikia pumzi yake, na nyuma yake kimya cha nyumba yetu.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. "Ameshakwambia habari ya sweta?"